Ekari za Msingi

Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo wasemavyo.
Hapa Kaunti ya Tolliver daftari lipo,
nalitunza mimi, mwaka wa kumi na tisa sasa,
na mali hupotea vilevile, ila
kwa nakala tatu na muhuri.

Oktoba, hundi zinapotoka,
wanakuja na kofia zenye vumbi la soya,
wanasimama dirishani kwangu kama watu wa zahanati,
kila mmoja akificha ugonjwa wake.
Hakuna anayetamka "ruzuku".
Husema "ile karatasi". Husema "imefika?"
Delmar Hruska husema "zile za mbolea", macho darini,
ingawa sote twajua ni za benki,
na benki iko ng'ambo ya barabara,
mlango wazi, inamngoja.

Sheria ni hii, nimeieleza mara elfu:
serikali hailipi ulichopanda mwaka huu.
Hulipa kilichopandwa zamani,
mwaka ule mpimaji alipopita na ramani
akaandika: hapa ngano, ekari mia na kumi.
Ndizo ekari za msingi. Hazinyauki.
Panda mtama, panda majani ya ng'ombe, lala usingizi,
ngano ya kwenye faili haijui ukame wala mvua ya mawe.
Bei ikianguka huko Chicago, ndipo inapovunwa.

Jumatatu alikuja Lavonne Kucera.
Mumewe alizikwa Machi, ardhi ikiwa jiwe kwa barafu,
wakaazima mashine ya kaunti kuchimba kaburi.
Aliweka hundi juu ya kaunta, akaipapasa
kama anyooshaye shuka la mgonjwa.
Dola mia nne na kumi na mbili, senti sita.
"Sikupanda kitu. Shamba zima magugu. Hii si yangu."
Nikamwambia ni yake. Nikamweleza ekari za msingi.
Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha:
"Kwa hiyo wanalipa ngano ya Milo."
Ndiyo.
"Ya mwaka ule tuliompoteza mtoto?"

Nikafungua faili. Ulikuwa mwaka uleule.
Fomu haina kisanduku cha jibu hilo.

Kwenye orodha hiyohiyo, kurasa mbili juu ya jina lake,
wamo Upeo wa Dhahabu na Washirika,
ghorofa ya thelathini na moja, mji wa mbali:
ndugu watatu, shangazi yao, na mkwe anayeishi Denver,
kila mmoja na kikomo chake, na kila kikomo kimejaa.
Dola laki sita na ushee.
Sijawahi kuziona kofia zao.
Saini zao huja kwa barua pepe, hazina tope.
Mwenye kisima, mvua humfuata.
Nilihakiki hesabu mwenyewe, mara mbili,
nikiomba nikute kosa.
Sikukuta.

Na mimi ni nani wa kunung'unika?
Mume wangu huuza vipuri vya kombaini;
hundi zikichelewa, nasi ni maharage hadi Januari.

Lavonne akauliza kama anaweza kupata ile picha,
iliyopigwa kwa ndege mwaka ule.
Si kawaida. Nikamtolea nakala.
Mistatili, njia ya vumbi, kijito kama uzi uliofumuka,
na pembezoni mwa shamba nukta moja nyeusi.
"Huyo hapo," akasema.
Mimi niliona trekta. Labda pipa.
Aliiviringisha picha, akaifunga kwa mpira wa nywele zake,
akatoka kwenye upepo.

Hundi aliiacha.
Iko kwenye droo yangu, chini ya stepla,
itakufa baada ya mwaka, ndivyo ilivyoandikwa nyuma yake.
Kila jioni, kabla sijafunga dirisha, huifungua droo.
Bado ipo.
Kwenye orodha nimeandika: amelipwa.