Jibu Lisilo Tuhuma

Newala asubuhi. Ukungu umekalia mabati,
nami nimevaa sweta la marehemu baba
mbele ya seva inayovuma chini ya meza ya mhasibu.
Naandika kanuni:

kila barua iingiayo, chambua viungo vyake,
toa kikoa, kibandike jina la orodha mwishoni
kama mtoto anavyobandikwa ukoo,
kisha uliza mbali: huyu mnamfahamu?

Wakisema "hatumjui", ni msafi.
Ilinichukua muda kuzoea.
Sisi tumelelewa kinyume: asiyejulikana huulizwa
wewe wa nani, wa nani, mpaka bibi yake atajwe.

Nikaandika: jibu lolote likirudi, alama tano.
Alama tano zinatosha kutupa.
Nikahifadhi, nikatoka kununua ming'oko ya kuchemsha,
ya moto, yenye pilipili na ndimu.

Siku tatu ofisi ya ushirika ilikuwa na amani.
Hakuna mjane wa jenerali mwenye dhahabu,
hakuna bahati nasibu tuliyoshinda bila kucheza.
"Umefagia," akasema Fidea wa mapokezi,
nikatembea kama mtu aliyefagia.

Siku ya nne Lichonyo alisimama mlangoni, miwani mkononi.
"Hesabu za ghala hazijaja, na mnada ni kesho.
Wa magunia, kimya. Benki, kimya.
Dada yangu wa Nachingwea, ambaye hajanyamaza tangu azaliwe,
kimya."

Nikafungua kumbukumbu.
Walikuwemo wote, mia nne na kumi na wawili:
ghala, benki, magunia,
na dada yake, mara sita,
ya mwisho ikiuliza amemkosea nini.

Kosa lenyewe ni dogo hadi aibu.
Swali sikuuliza kwa mdomo wangu.
Nilimtuma tarishi wa umma, abebaye maswali ya dunia nzima,
na wenye orodha, waliokwisha kumchoka,
walimrudishia namba moja kwa kila jina:
127.255.255.254.
Yaani: wewe hatukujibu.
Kanuni yangu, ijuayo kuhesabu tu,
ikasikia mwizi,
mwizi,
mwizi.

Nyumba ya tatu kutoka tangi la maji
tuliacha kupiga hodi nikiwa darasa la tano.
Mtu aliulizwa habari za mwenye nyumba, akakataa kusema.
Ikatosha.

Sasa nimesimika mwulizaji wetu humu humu ofisini,
aende mwenyewe, kwa jina lake.
Nimeandika upya: tuhuma ni 127.0.1.2 na wenzake wanaojulikana;
jibu jingine lolote si ushahidi.
Alama mbili na nusu, si tano.
Orodha moja isichinje peke yake,
ingoje kosa la pili lije likae nayo.

Nikawafungulia. Waliingia kwa msukumano
kama watu wa foleni ya salfa,
na katikati yao, moja kwa moja, mshindi wa gari jipya.
Nikamwacha kidogo kabla ya kumfuta.

Lichonyo alisoma zile sita akiwa amesimama.
Kisha akaketi, akaandika kwa kidole kimoja,
herufi baada ya herufi, nikiona juu ya bega lake:
*Si wewe dada. Ni mashine.*

Nilitaka kumsahihisha.
Nikaenda kuchemsha chai.