Kura za Kopo la Biskuti

Kopo lilikuwa langu, la vifungo na nyuzi,
mpaka Mbarouk alipolitoboa mfuniko kwa msumari,
ufa mwembamba wa kupita karatasi iliyokunjwa mara mbili.
"Leo," akasema, "mimi na wewe Wamarekani."

Sabini na sita. Chumba kimoja, Limbani, Wete.
Kwetu siku hizo karatasi ilikuwa na sura moja tu,
umkubali au umkatae.
Kule walikuwa wawili, na mtu aliweza kuchagua
hata kwa sababu ya kipuuzi.
Nikampa wa karanga.
Aliyelima karanga, nilisema, anajua kuinama.
Mbarouk akampa yule aliyeteleza kwenye ngazi ya ndege:
"Maskini, kaanguka mbele ya watu.
Nani atampa kama si sisi?"

Nikajipaka piko kidoleni, iwe kweli.
Hakuna sheha aliyetuuliza
tumeishi Ohayo miaka mingapi.

Yeye alikuwa karani wa mizani ya karafuu.
Alikuwa na sheria moja: kopo halifunguliwi
mpaka redio iseme.

Themanini nilimpa mcheza filamu, kwa nywele zake.
Leo ningebadilisha. Ningempa wa karanga tena,
naye anashindwa, basi,
kushindwa nako kunataka shahidi.
Na yule aliyepanda kifaru na kofia kubwa,
kichwa kama yai ndani ya kata,
nilimcheka hadi machozi. Mbarouk hakucheka.
Alikunja karatasi yake, akaitia.

Kisha tisini na tano ikaja kura yetu wenyewe,
yenye foleni, yenye bendera juu ya mapaa.
Watu wakauliza samaki ni wa chama gani
kabla ya kuuliza bei.
Mbarouk alitangulia skuli alfajiri, mimi nikaenda adhuhuri.
Hakuniuliza. Sikumwuliza.
Usiku tulilala kitanda kimoja
na swali katikati, limejifunika shuka letu.

Ya Marekani tu ndiyo tulisemezana.

Elfu mbili, wao walikaa wiki tano
wakikodolea macho vitobo vya karatasi.
Sisi tulitia zetu, tukangoja redio.
Redio haijamaliza, Januari ikaingia na yake:
Asaa, mdogo wake Mbarouk, akavuka usiku kwenda Shimoni,
ndara mguu mmoja.
Mwingine tuliukuta mlangoni.
Kopo halikufunguliwa mwaka ule.
Nikamwaga vifungo juu ya kura, nikalipandisha kabatini,
nikatafuta kopo jingine, la maziwa ya unga.

Elfu mbili na nane mtaa mzima ulitaka kutia.
Bi Time alileta yake kaikunja kama hirizi.
Kura thelathini na moja, na thelathini za yule kijana
mwenye bibi ng'ambo ya maji haya haya.
Moja ya mzee aliyewahi kufungwa vitani.
Watu wakapiga kelele: nani huyu msaliti?
Mimi niliujua mwandiko. Nikanyamaza.
Miaka yote ile alikuwa akiwapa wanaoanguka.
Nikadhani sasa najua alivyopiga hapa nyumbani.
Lakini hapa nyumbani nani aliyeshindwa?
Hilo ndilo lililotuua.

Mbarouk kafa mwaka wa mafua yale ya dunia.
Walipopiga tena Wamarekani, mwaka juzi,
nilikata karatasi mbili kwa mazoea.
Yangu niliandika. Yake nikaiweka mapajani,
nikajaribu kuwaza nani angemwonea huruma.
Sikumpata. Au niliwapata wengi mno.

Nikahitaji kifungo, cheupe, cha kanzu ya mjukuu.
Nikaliteremsha lile kopo la zamani.
Chini ya vifungo karatasi mbili za elfu mbili,
yake na yangu, zimeshikana kwa kutu.
Na ya tatu.
Kaitia peke yake, sijui usiku gani,
hati yake ya karani, ile ya kuandikia ratili:
*Asaa.*

Nikavaa miwani. Nikazihesabu upya, zote,
tangu wa karanga.
Asaa, kura moja.
Nikapaka piko, nikaongeza ya pili.

Kifungo nilikisahau.