Mikanda Ifunguliwe

Mlinzi wa lango la barafu pale Rohuküla
ana theluji ndevuni na maneno machache.
Fungueni mikanda, anasema.
Msisimame njiani kwa lolote.
Aliye mbele yenu, mwacheni aende mbali.
Unene? Sentimita ishirini na sita, leo asubuhi.
Na kesho? Anainua mabega.
Kesho nitatoboa tena.

Basi, Heino, tunashuka baharini kwa gari
kuelekea kisiwani. Mama anatimiza themanini,
keki ya karoti iko mapajani mwangu,
mkanda unaning'inia kando, hauna kazi.

Ajabu ya sheria hii: kule nchi kavu
anayekupenda hukwambia jifunge.
Hapa hukwambia
uwe tayari kuruka.

Miezi saba uliamka gizani,
ukanywa kahawa, ukanibusu utosini,
ukabeba mkate na samaki niliokufungia,
ukaenda kiwandani ambako hukuwa tena na kazi.
Ulikaa maktaba ya Haapsalu ukisoma magazeti
hadi tangazo la mwisho la ng'ombe anayeuzwa.
Mshahara ulioniletea ulitoka katika akiba yetu,
uliichota kijiko kwa kijiko
nami nikapokea.

Si fedha iliyoniuma.
Ni ile asante yangu,
mara saba.

Tangu hapo umepata kazi ya kupaka nyumba rangi,
na kila Ijumaa unamwaga risiti mezani:
ya petroli, ya brashi, ya peremende moja.
Sikukuomba ya peremende.
Ninazisoma na miwani, kama karani wa forodha,
nawe umesimama karibu na jiko, mikono nyuma,
mwanafunzi aliyevunja dirisha.
Siku nyingine natamani uzichome.
Siku nyingine nazihesabu mara mbili.

Aliyeumwa na nyoka
akiona ung'ongo hushtuka.
Mimi naishi na ung'ongo chumba kimoja;
naupikia supu.

Katikati ya njia matawi ya mreteni yamechomekwa
kulia na kushoto, yaonyeshe pa kupita.
Barafu inalia chini yetu, mlio mrefu, mwembamba,
kama jirani anayeburuta kabati usiku.
Usipunguze mwendo, nikasema.
Sipunguzi, ukasema.
Na hapo, pasipo ruhusa ya kusimama,
likanitoka:

Kila Jumatatu nampigia simu Arvo
nimuulize kama umefika kazini.
Tangu Septemba.
Najifanya naulizia bei ya rangi.

Waipa zikapita mara tatu, nne.
Hukunitazama; njia haikukuruhusu.
Najua, ukasema. Aliniambia wiki ya kwanza.
Nikamwomba apokee kila ukipiga,
hata akiwa juu ya ngazi.

Sikujua niuweke wapi uso.
Nikaishika keki kwa mikono miwili.
Nilidhani mwenye keekee ni mimi peke yangu,
natoboa kwa siri, kwa aibu, nipime;
kumbe wewe ulikuwa umesimama pale pale
umeshika taa.

Sisemi pameganda pote.
Kule penye mkondo maji bado ni meusi
na hata mlinzi hapakanyagi.
Tena Machi inakuja, nami nazijua tabia za Machi.

Heltermaa. Magurudumu yakagusa changarawe.
Ukafunga mkanda wako, tak.
Ukangoja, injini ikinguruma,
bila kuniambia kitu.

Nilimaliza kwanza kulamba krimu kidoleni.
Kisha nikauvuta wangu.