Zaka ya Njia

Mwisho wa mwezi nafunga hesabu ofisini Wete:
safu ya kwanza, umeme uliotoka Wesha;
safu ya pili, umeme uliofika Konde;
na ya tatu, nyembamba, ya wino mwekundu,
ambayo baba aliipa jina kabla mie sijazaliwa:
zaka ya njia.

"Zikiondoka mia," akisema, "hufika themanini na tatu.
Kumi na saba zimeliwa na waya."
Akisema bila hasira, kama mtu asemaye
mchele umeliwa na panya, chumvi na unyevu.

Lakini zaka ina maskini wake,
na miaka nimewatafuta maskini wa zaka yetu.
Sikuwaona.
Palikuwa na joto tu, juu ya mikarafuu ya Ole,
joto la kupasha hewa isiyoomba kupashwa.
Tetere walilijua. Asubuhi za vuli
walijipanga juu ya waya, wakiota miguu
kwa pesa za Bi Kazija wa Konde,
ambaye taa yake, saa ya kufuturu,
ilikuwa ya rangi ya tende.

Na waya ukishikwa na joto hulegea.
Mchana wa kaskazi uliteremsha tumbo
kama kamba iliyoanikwa mablanketi,
hata tukawa hatuna budi kutuma watu na mapanga
wakakate vilele vya mikarafuu ya Mgeni Sharifu.
Naye husimama pembeni akihesabu matawi yanavyoanguka:
pishi mbili. Pishi tatu. Hili, pishi na kibaba.
Tukampa fomu atie sahihi.

Mwaka huu waya mpya ulishushwa Mkoani
umezongwa kwenye magurudumu ya mbao.
Moyo wake kaboni, mweusi ti,
mwembamba kama kidole changu kidogo;
nje aluminiamu, nyuzi zake si za mviringo,
zimechongwa zikalaliana ubavu kwa ubavu
hata wembe hauna pa kupita.
Nguzo ni zile zile. Mashimo ni yale yale
aliyochimba baba na marehemu Shaame
kwa mtaimbo mmoja, wakipokezana.

Baba alikuja kutazama. Akapima kipande mkononi.
"Mwepesi," akasema. "Mwepesi kama ahadi."
Akataka kuukunja, kama alivyokunja nyaya zote za maisha yake.
Fundi Nasra akamshika mkono:
"Huu haukunjwi, baba. Ukivunjika moyo,
kwa nje huoni kitu."
Baba alicheka mpaka akakaa chini.
"Basi waya huu ni Mpemba."

Wiki tatu wakauvuta, nguzo kwa nguzo.
Siku ya jua la utosi nikatoka kuutazama pale Ole:
umenyooka, karibu kama mstari niupigao kwa rula.
Mgeni alikuwa chini yake, na panga lake mwenyewe,
amezoea siku hiyo ya mwaka,
hajui alifanyie nini.

Waya wa zamani uliuzwa kwa kilo.
Wahunzi wa Chake wakauyeyusha,
na mama akarudi sokoni na sufuria
yenye madoa, ukingo umekwenda upande.
Baba akaigonga kwa ukucha, akatega sikio.
"Huu naujua," akasema.
Miaka thelathini ukipasha mawingu;
jioni ile ulipika muhogo wa nazi,
ukaungua kidogo chini, tukala hivyo hivyo.

Jana nimefunga hesabu tena.
Ziliondoka mia, zikafika tisini na moja.
Nikamsomea baba kwa sauti, nikijua atafurahi.
Akanyamaza. Akapangusa miwani kwa pindo la kanzu.
"Na tisa?"
Nikamwambia njia bado ni njia, baba,
hata maji ya kubebwa kwa uangalifu humwagika.
"Zina maskini?"
Hapana.
"Basi zitafute."