Mshale Unaelekea kwa Mlaji

Tewa huyu nilimnunua asubuhi, kilo mbili na robo,
kwa Kassim Obo, asiyepunguza hata shilingi ya salamu.
Nimeketi uani, kibao kati ya magoti,
magamba yananirukia shungini.

Lali akaja na daftari.
Mwalimu Katana ametaka mishale minne,
mmea mwanzo, mnyama mwisho,
na kesho saa mbili kila mtoto asimame ubaoni.
"Mama, mkoko unaliwa na nani?"

Mimi shule niliiachia darasa la tatu,
ila kisu changu kinasoma.
"Ndoo uone kwa mato yako," nikamwambia,
nikampasua tewa toka mkiani hadi taya.
Ndani mlikuwa na kaa,
mzima bado, gando moja limelegea
kama mkono wa mtu aliyepitiwa na usingizi.
Nikambonyeza. Kikatoka kitu cheusi, ujiuji,
chenye harufu ya tope maji yakipwa.
"Hili," nikasema, "lilikuwa jani."

Jani la mkoko huanguka likiwa manjano, halina haraka.
Kaa hulingoja mlangoni kwake kama mdai,
hulivuta shimoni, hulilaza siku kadhaa
hadi lilainike, mkate wa mofa wa juzi
uliosahauliwa ndani ya mchuzi,
kisha hulila kwa mikono miwili.

Lali akaandika: jani, mshale, kaa.
Kaa, mshale, tewa.
Nikamkosoa: "Mwenye njaa ndiye aendaye kwa chakula.
Geuza mishale yako."
"Hapana, Mama. Mwalimu kasema mshale hufuata nguvu.
Unaelekea kwa mlaji."

Kisu kikasita.
Miaka yote hii nikidhani nakwenda sokoni.
Kumbe anayekula haendi popote;
hufikiwa.

"Tewa, mshale, Mama." Akahesabu. "Mitatu.
Bado mmoja."
Paka wa jirani alikwisha kusogea,
yule mwembamba mwenye shingo ndefu,
masikio yote mawili yamekielekea kibao.
"Muandike huyo."
"Lakini paka hakuli wewe!"
"Ngoja kwanza," nikasema,
tukacheka, mimi nikiwa wa kwanza kuacha.

Nikampa ndoo ya matumbo akaimwage pwani.
Akarudi mbio, ndoo tupu ikimgonga goti:
"Mama, vikaa vimetoka topeni vinamla tewa!
Sasa mshale nitaurudishaje nyuma? Ukurasa umekwisha."
Sikuwa na jawabu la ukurasa.
Nilikuwa na nazi ya kukuna.

Magharibi imepita, Famau akaingia,
ametoka vijito vya upande wa Pate
na korja tatu za boriti, na mazio kidogo.
Viganja vyake vyekundu kwa magome ya mkoko,
wekundu ambao sabuni haiujui.
Fedha ya tewa ilitoka katika viganja hivyo.
Akapewa kichwa, kama kawaida,
akakifyonza jicho kwa jicho.

Lali akaliweka daftari kando ya sinia,
akalitazama muda.
"Na Baba nimuweke wapi?"

Si mlaji wa jani. Wala hakumvua tewa.
Yuko kabla ya mshale wa kwanza,
na shoka.
Nikainua macho nisimtazame yeyote,
na macho yakagota darini: boriti,
ishirini na mbili, nazijua,
nimezihesabu kila usiku wa uzazi na wa homa.
Boriti nzuri, zimenyooka, hazina mdudu.
Chini ya hizi nimelala salama
miaka kumi na minne, bila kuuliza
ni majani mangapi hayakuanguka,
ni kaa gani alikaa mlangoni kwake akingoja.

"Muweke pembeni," nikasema. "Kwa penseli."

Famau hakusikia. Alikwisha kusinzia ameegemea ukuta,
mfupa wa shavu la tewa bado mkononi.
Paka akautazama mfupa.
Kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja,
bila haraka.