Njia ya Nyuma, Mvumi

Lami nimewaachia wenye malori.
Nashika njia ya nyuma, ya mchanga mwekundu,
baina ya mizabibu na mabua ya uwele.
Baiskeli niliyoachiwa na mjomba Chilewa
inalia kwii, kwii, kila mzunguko,
hata kanga wanakimbia kabla sijafika.

Korongoni nashuka, naikokota.
Mama Chibago, anayefukua maji mchangani,
hangoji salamu:
"Hiyo nayo ina njaa!"
Anafungua kichupa cha alizeti
alichotoka kununua kwa ajili ya mlenda,
anaudondoshea mnyororo matone matatu.
La nne analirudisha kwa kidole.

Sasa napanda kilima kimya,
nanukia jikoni.

Kanga mmoja katikati ya njia
ananitazama, haondoki.
Nafunga breki.
Nampisha.