Plasta

Daktari Swai alikoroga unga wa waridi
ukawa mzito kama uji wa mgonjwa.
"Ng'ateni. Msicheke."
Mimi na Eliaichi tulizaliwa yai moja, siku moja;
hakuna aliyewahi kutukataza kucheka
tukatii.

Mimi nilibaki Ngurdoto kwa mama.
Yeye, miezi minane, shangazi akamfunga mgongoni
akampeleka Kibosho, kwenye mfereji
wa maji baridi yanayouma ufizi.

Na yetu yalikuwa maangavu pia.
Ukiyaweka kwenye glasi huoni kosa.
Tuliyanywa, tukapikia makande,
mama akiongeza magadi ili maharage yasimalize kuni.
Kisha meno ya ukubwa yakaota
yakiwa tayari na kutu,
kama mabati yaliyonyeshewa kabla sijazaliwa.
Mama aliyasugua kwa mkaa, majivu, ndimu.
Ufizi ulitoa damu.
Jino halikubadili neno.

Kijijini hakuna aliyeuliza, sote tulikuwa hivyo.
Ni Moshi, stendi, muuza karanga
aliponiambia, "Dada, punguza tumbaku."
Nilikuwa darasa la sita.

Eliaichi meno yake ni meupe, ndiyo.
Yana matobo matatu.
Shangazi alikuwa na duka, na kopo la pipi
halikuwa na kifuniko.

Plasta zikakauka dirishani, mbili,
kila moja na herufi ya penseli chini yake.
Tulizigeuza juu ili tusione herufi,
tukashindwa kujua ipi ya nani.
Mwanya uleule wa bibi Ndeshi.
Chonge ileile ya kushoto, imekaa ubavu
kama mtu anayeomba njia kanisani.
Na zote nyeupe.
Plasta haikunywa maji popote.
Nilikishika kinywa changu kiganjani,
nikakiona kwa mara ya kwanza bila kijito chetu.
Niliomba nikichukue nyumbani.
Daktari akasema hapana, ni cha utafiti.

Tukiwa tunatoka nesi alijikwaa kwenye ndoo,
akaiomba ndoo samahani.
Tukacheka.
Mkono wangu wa kushoto ukapanda kuziba mdomo,
desturi yake tangu ile stendi.
Wa Eliaichi nao ukapanda.
Wa kushoto. Vidole vinne, gumba nje.

Nikaacha kucheka, nikamtazama:
wewe, na meupe hayo,
unamficha nani?

Daktari alikuwa ameshafunga daftari.